Mwaka Shangazi Alipoiuliza Bahari

Tulipomzika Shangazi Ajiambo, vijana waliochimba kaburi walimlaumu marehemu waziwazi, jambo ambalo kwetu halifanywi. Walianza na jembe, jembe likapinda. Wakachukua sururu, sururu ikatoa cheche. Mwishowe mmoja wao akapanda bodaboda hadi kwa watu wanaotengeneza barabara, akawabembeleza mpaka wakaleta ile mashine yao ya kutoboa mawe, na ndiyo iliyomaliza kazi, kwa kelele ambazo zingemfufua mtu asiyekuwa Shangazi. "Huyu mama alikosana na udongo wapi?" kijana aliniuliza akijipangusa vumbi la mawe usoni. "Na bonde lote lile hapo chini, jeusi, laini kama keki!" Nilimwambia akimaliza kuchimba atapata nyama, akarudi shimoni. Lakini watu walipotawanyika tukabaki mezani watatu tu: mimi, Mwalimu Wafula, ambaye siku hizi ni mstaafu anayetembea na fimbo, na Kombo, aliyekuwa dereva wa lori hadi mgongo wake ulipokataa. Kila mgeni aliyepita kutuaga aliuliza lile lile: kwa nini mama wa watu aliishi juu ya jiwe? Tulijibu sote watatu kwa wakati mmoja, mmoja akitaja Bahari ya Pasifiki, mwingine chupa ya maji, mimi nikitaja maharagwe, na wageni wakaenda zao wakiamini kwamba msiba umetuzidi. Kwa hiyo naandika, ili wasome wakiwa wametulia.

Sitaanza na babu zangu. Wako kwenye makaburi yao na hawana neno. Nitaanza na mwaka mmoja, miaka michache baada ya ile mvua kubwa ya El Niño iliyobomoa madaraja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama ambayo mama yangu aliisoma mara moja tu, akaikunja. Wenzangu walikwenda Nairobi, wengine wakawa turniboi, wasaidizi wa madereva wa malori, wakapotelea Kampala na Kigali huko. Mimi nilikuwa na kipaji kimoja, kukaa. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Nambale, sokoni, na nilirudi na maumivu ya kichwa. Shangazi alikuwa na hoteli Malaba, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Uganda, akanichukua nimsaidie jikoni, na ndani ya mwezi mmoja madereva walishanipa jina. Kwa kuwa sikuonekana nje ya mlango, waliniita Bibi Arusi, mimi mwanamume mzima. "Bibi Arusi, leta chai!" Nililipinga jina hilo kwa juma moja, kisha nikaanza kuliitikia.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba cha mabati chenye meza mbili ndefu na dirisha moja lililotazama magurudumu. Hukuona anga wala watu, uliona magurudumu ya malori yamesimama, na siku nzuri uliona yakisogea kidogo. Harufu ya dizeli iliingia mpaka kwenye kitunguu. Madereva walikula huku turniboi wao wakilinda foleni nje, na mmoja akipiga kelele "Inasonga!" wanaume wazima walitoka mbio na tonge mkononi, kisha wakarudi dakika chache baadaye, wakakaa pale pale, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea urefu wa lori moja. Tulipika ugali wa muhogo na mtama, ule wa rangi ya kahawia. Madereva wa Pwani waliutazama kwa huzuni. Kombo, mtu wa Mombasa mwenye tumbo la heshima na Kiswahili kilichonyooka kuliko barabara, aliuliza siku ya kwanza, "Mama, ugali huu umeungua au umefiwa?" Shangazi akamjibu, "Kula, boss. Ukishiba utaniambia uko namna gani." Alishiba, akarudi kila safari.

Nyuma ya jikoni, upande wa pili wa ukuta wa mbao, alipanga Mwalimu Wafula. Alikuwa kijana bado, akifundisha Jiografia katika shule moja ya sekondari huko nje ya mji, na alikula kwetu jioni kwa sababu hakujua kupika hata yai. Shida ya Mwalimu ilikuwa moja. Hakujua kusema "sijui" na kuishia hapo. Alisema "sijui", halafu akakueleza kwa nini hajui, mpaka chai ikapoa.

Sasa hili la ardhi. Shangazi aliolewa Nambale zamani, akarudi, na sababu zake hakumwambia mtu, kwa hiyo nami sina. Kwetu mwanamke aliyerudi nyumbani ana chakula na ana heshima yake, lakini siku ya kufa ndipo huonekana hana mahali. Hazikwi kwa mume aliyemwacha, na kwa ndugu zake anawekwa pembeni, karibu na ua, pale ng'ombe wanapojikuna. Mwanzoni mwa mwaka ule Baba Mdogo alikuja hotelini kunywa chai. Nilikuwa nachambua maharagwe nyuma ya pazia nikasikia yote. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa wema. "Dada, wewe usiwe na wasiwasi. Pale kwa ua iko nafasi. Nimeangalia." Shangazi alimwongeza chai. Alimuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Alipoondoka aliosha kikombe chake kwa muda mrefu mno, kisha akaniambia nimtafutie mtu anayeuza shamba Adungosi, si mbali na Malaba. Hakutaka shamba la kulima. Alitaka mlango wake, na mbele ya mlango huo mahali pake pa kulala kabisa ambapo hakuna mtu angehitaji kuangalia kama iko nafasi.

Aliyepatikana anauza ni mzee mmoja wa Kiteso, Okware, mwembamba, mcheshi, mwenye kofia ya ngozi aliyoivaa hata juani. Alikuwa na bonde zuri, udongo mweusi, na bei yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba Shangazi aliingiwa na shaka. Aliuliza kwa nini. Okware alisema ukweli, au nusu yake. "Zamani hapa ilikuwa maji, mama. Wakati wa uhuru sisi tulivua kambare hapa. Lakini hiyo maji ilienda. Ilienda kabisa! Watoto wangu hawajui hata chura." Shangazi akauliza, na ile El Niño je, maji hayakurudi? Okware akapunga mkono. "Aa, ile ilikuwa mgeni tu. Alikuja, akamwaga maji, akaenda. Mgeni si mwenye nyumba."

Jioni ile Shangazi alimwekea Mwalimu ugali, akaketi mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mteja. "Mwalimu, hii maji ikienda, inarudi?" Mwalimu akafurahi vile mtu anavyofurahi akiulizwa kitu anachokipenda, na mimi nikajua kwamba chai itapoa. Alisema El Niño kweli ni mgeni: maji ya Bahari ya Pasifiki, mbali huko, hupata joto kwa mwaka hivi, upepo unabadilika, na huku kwetu mara nyingi mvua inazidi. Lakini wataalamu wameanza kuona kwamba nyuma ya mgeni yuko mwenye nyumba. Bahari ile ile ina tabia nyingine ndefu. Kwa miaka ishirini hivi, thelathini pengine, inakaa na joto upande huu na baridi upande ule, kisha inageuka. Na bahari yetu ya Hindi nayo ina mambo yake. Mwenye nyumba akiwa na hali fulani, mgeni akija anakaribishwa na kumwaga maji kila mahali, na akiwa na hali nyingine, mgeni huyo huyo anakuja na hamjui kama amekuja.

"Na kwa nini igeuke polepole hivyo?" Shangazi aliuliza. Mwalimu alitazama huku na huku akitafuta ubao, hakukuwa na ubao, akanyoosha kidole jikoni. "Ile birika ya chai, ukiitia moto inachemka mara moja, ukiitoa inapoa mara moja. Hiyo ni hewa. Ile sufuria kubwa ya maharagwe, je?" Shangazi alicheka. Ile sufuria ilikuwa adui yake wa kila siku. Ilichukua asubuhi nzima kupata moto, na hata ukiondoa kuni zote, iliendelea kutokota kivyake. "Hiyo ni bahari," Mwalimu akasema. "Inashika joto kwa miaka. Halafu mvuke wake unapanda, unagonga kifuniko, unarudi chini. Bahari inasukuma upepo, upepo nao unasukuma maji ya bahari, yanakaa upande mmoja. Huwezi kusema nani anaanza." Shangazi akatazama sufuria, akamtazama Mwalimu. "Sawa. Sasa hivi imetiwa moto au imeondolewa?" Mwalimu alisema hajui. Kisha akaeleza kwa nini hajui: ni lazima ipite miaka mingi ndipo utazame nyuma uone kwamba iligeuka. Hapo Shangazi alikasirika kidogo. Alisema huo ni ujinga, mtu kujua kwamba sufuria inapoa baada ya wageni kula maharagwe mabichi.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini fikiria tulipokaa. Barabara iliyopita dirishani petu inaanzia baharini. Kila gurudumu nililolitazama lilikuwa limetoka bandarini siku chache nyuma. Shangazi aliliona hili kabla yetu sote, na Kombo alipokaa kula, akamuuliza, "Boss, bahari ya kwenu sasa ni moto au baridi?" Kombo akaacha kutafuna. "Mama, mimi ni dereva, si daktari wa bahari. Haina paji la uso nikaigusa." Shangazi akamwambia basi aiguse popote. Kombo alimtazama kuona kama anatania, akaona hatanii, akasema ataleta jawabu.

Alileta bahari yenyewe. Safari iliyofuata alishuka kutoka kwenye lori amekumbatia chupa kubwa ya plastiki kama mtu abebaye mtoto wa kwanza, akaiweka mezani. "Haya, mama. Nimeichota mwenyewe, suruali imelowa hadi magotini, watu wa Likoni wakanidhani nimerukwa na akili. Ulize mwenyewe." Hoteli nzima ilisimama. Shangazi aliosha mikono, akamimina maji kwenye beseni, akatumbukiza kiwiko vile mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Akafumba macho. Turniboi mmoja aliyekuwa na tonge mdomoni hakumeza. "Ni vuguvugu," Shangazi alitangaza. "Inaelekea moto." Madereva wakapiga makofi, na mtu mmoja akasema mvua basi iko njiani, na mwingine akasema atamwambia mke wake apande mapema.

Mwalimu aliingia wakati huo huo, akaelezwa. Nilimwona akijaribu kutocheka, akashindwa, akakohoa mpaka tukampiga mgongoni. "Shangazi," alisema akifuta machozi, "hilo ni joto la lori. Maji yamekaa juu ya injini tangu Mombasa!" Kombo akasema kwa uchungu wa kweli, "Sasa Mwalimu, bahari nimemletea. Na jua lake nalo nilitie gunia?" Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Shangazi peke yake hakucheka. Alitazama yale maji kwenye beseni. Wengine hawakujua kwamba anauliza kaburi lake. Walidhani anauliza mahindi. Kisha akainua beseni, akaenda jikoni, akayamimina kwenye sufuria ya maharagwe, akasema chumvi ya dukani imepanda bei. Siku ile wateja waliomba nyongeza. Sikuwaambia kitu.

Lakini jambo likishaingia kwenye foleni halitoki. Kwa miezi madereva walisalimiana kwa bahari. "Boss, imeamkaje?" "Imeamka na homa kidogo." Mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Uganda alikuwa akinisalimia, "Ssebo," yaani bwana kwa Kiganda, "mtabiri wenu wa maharagwe anasemaje kuhusu mvua?" na sikuelewa kama ananicheka mimi, Shangazi au Mwalimu, kwa hiyo nilimpimia nyama kidogo. Kombo aliendelea kuleta habari, bila chupa. Shemeji yake mvuvi anasema samaki fulani wamehama. Mwingine anasema hapana, wamerudi. Mwalimu alisikiliza yote kwa adabu, akasema maji ya ufukweni siku moja hayakuambii kitu kuhusu miaka thelathini, na zaidi ya hapo mvua yetu nyingine hutoka ziwani na nyingine kwa upepo wa Kongo. Shangazi akasema, "Kwa hivyo hata nikipata bahari yote, bado iko Kongo." Mwalimu akasema ndiyo, bado iko Kongo.

Okware naye alichoka kungoja. Alituma ujumbe kwamba kuna mwanamume mwingine analitaka bonde. Tulikwenda Jumamosi, Shangazi, Mwalimu na mimi. Ndiyo, nilitoka nje ya nyumba, na madereva walinishangilia nikipita kana kwamba navuka mpaka. Bonde lilikuwa kavu, limepasuka, ukikanyaga linatoa vumbi. Pembeni yake, juu kidogo, palikuwa na mwamba mpana mweusi ambao akina mama wa pale waliutumia kuanikia muhogo. Ulikuwa mweupe wote kwa vipande vya muhogo, na harufu yake chachu ilifika mpaka tuliposimama. Ule mwamba pia ulikuwa wa Okware, na hakuuhesabu kuwa ardhi.

Shangazi alitembea bondeni peke yake, akarudi. "Mwalimu," akasema, "kama hii bahari iligeuka juzi tu, italeta ukavu miaka ishirini?" Mwalimu akasema inawezekana. "Thelathini?" Inawezekana. "Basi nyumba itanitosha. Mimi si msichana. Nitaishi hapa kavu mpaka nichoke." Okware akatabasamu, akanyoosha mkono tayari. Shangazi hakuushika. "Na nikishazikwa? Ikigeuka tena?" Mwalimu Wafula alifungua mdomo. Nilimngoja aeleze kwa nini hajui, nikawa nimeshajipangia kuegemea mti. Hakueleza. Alisema tu, "Itageuka tena, Shangazi. Hilo moja najua. Lini, sijui. Lakini haikai." Okware akasema kwa hasira kidogo kwamba mtu aliyekufa halowi. Shangazi akamwambia, "Nimehamishwa mara moja tayari maishani, mzee. Sitaki kuhamishwa tena na maji."

Nimeulizwa mara nyingi kama alifanya vizuri, na jibu linategemea mwaka unaouliza. Yule mwanamume alinunua bonde, akavuna vizuri mwaka ule na mingi iliyofuata, akajenga, akawa na sauti kanisani. Sisi tulijenga kibanda kwenye kipande cha udongo nyuma ya mwamba, na sukuma wiki tuliipanda ndani ya magurudumu chakavu ya malori, kwa udongo niliousukuma kwa mkokoteni kutoka kwa huyo huyo jirani, aliyeutoa bure na kicheko juu yake. "Mama Bahari, bado haijageuka?" alimwita kila Jumapili. "Bado," Shangazi alijibu. Alijibu hivyo mpaka nywele za wote wawili zikawa nyeupe. Miaka hii ya karibuni maji yalipanda, ziwa likafura, na bondeni maji yakaingia mpaka madirishani kwa jirani. Wanawe wakang'oa mabati wakahamia barabarani. Kisha maji yakashuka, wakarudi, sasa wanajaribu mpunga. Shangazi hakuwacheka, alikuwa amechoka. Aliniagiza niwapelekee maharagwe. Na juzi pale mezani, baada ya mazishi, Kombo alimuuliza Mwalimu mara moja ya mwisho: sasa, baada ya miaka yote hii, ile bahari imegeuka au ilikuwa mgeni tu? Mzee wa watu akazungusha fimbo yake. "Siwezi kusema," akasema. "Tungoje." Kombo akamwambia kwa mgongo wake huu hangojei tena bahari, anangoja chai.

Lakini turudi kule bondeni, Jumamosi ile, Okware akiwa ameshusha mkono wake. Shangazi alimuuliza ule mwamba anauuzaje. Okware alimtazama Mwalimu, kisha akanitazama mimi, akitafuta mwenye akili kati yetu. "Mama, hiyo si shamba. Hiyo ni jiwe. Hata mbuzi hapiti." Shangazi alikuwa ameshaanza kupanda. Alivua viatu, akaomba radhi kwa wenye muhogo, akasogeza vipande vyao kwa mguu, taratibu, akapata nafasi ndefu iliyo wazi. Akalala chali, mikono kifuani, macho amefumba. Wale akina mama waliokuwa wakigeuza muhogo wao wakaacha kazi, wakatazama. Okware akavua kofia, kisha akaona aibu, akaivaa tena.

"Wandera," Shangazi akaniita bila kufungua macho, "simama hapo miguuni uniambie kama natosha."

Nikapanda, nikasimama miguuni pake. Nikamwambia anatosha, tena inabaki nafasi ya kugeuka.

"Nani amekuambia nitageuka?" akasema.